KONA YA WALIMU: Bafle moja ndogo kwenye baridi ya Mudende

 Tumerudi kutoka Mudende na mafua.

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba kona hii itahusu namna ya kuwatayarisha watoto kwa mitihani. Tunaomba radhi, hayo yatangoja. Tangu turudi watu wanatusimamisha kwenye bomba la maji, njiani, hata kanisani baada ya ibada. Wengine wanauliza tu, wengine wanalaumu: eti ile bafle ilizimaje pale pale kwenye majina? Badala ya kujibu mmoja mmoja, tumeona bora tueleze yote hapa, mazuri na mabaya, pamoja na yale tuliyojifunza juu ya kupiga muziki kwa chombo kidogo. Vikundi vingine vya vijana navyo vinatuuliza habari hiyo, kwa hiyo na wao wasome.

Kwanza kwa watoto waliozaliwa juzi. Mudende iko juu kule upande wa Gisenyi, siku hizi wilaya ya Rubavu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mbele ya milima ya volkano. Ni nchi ya viazi na maziwa. Hapo ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Waadventista mwaka 1984, na hapo ndipo wazazi wetu wengi waliotoka Masisi waliwekwa kambini walipokimbia vita ya Kongo. Kambi ile ilishambuliwa na waasi mara mbili mwaka 1997: usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti, na tena usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba. Mamia ya watu waliuawa. Waliobaki walihamishiwa Byumba, kambi ya Gihembe, na Gihembe yenyewe ilifungwa mwaka 2021 watu wakapelekwa Mahama. Kwa hiyo unapomwona mzee anayekaa kimya kila Desemba ikifika, usimwulize maswali mengi.

Safari yetu haikuwa sherehe kubwa. Familia kadhaa zilitaka kwenda kusimama pale, kuimba kidogo, na kusoma majina. Ruhusa iliombwa, ikapatikana, na wenyeji wakatupa kipande cha uwanja wa nyasi. Bendi yetu ya vijana ikaombwa kupiga. Bendi ni neno kubwa: tuna magitaa mawili, besi moja, ngoma, na waimbaji watano kutoka korali.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Wazee wa kamati walitaka tukodi mitambo mjini, bafle kubwa mbili na jenereta. Bei waliyoambiwa ni faranga 80,000 na mafuta juu yako. Sisi tukasema hapana, tuna bafle yetu ya shule, ile ambayo mnaiona kwenye michezo ya watoto. Ni sanduku moja la kilo 12 hivi, ndani yake mna amplifaya, mikisa ndogo ya matundu manne na batri. Mtu mmoja anaibeba kwa mkono kama jerikani. Papa mmoja akatucheka: "Hiyo ni redio, si bafle." Tulikasirika kidogo, lakini swali lake lilikuwa la haki. Je, chombo kidogo namna ile kinaweza kusikika uwanjani?

Jibu ni kwamba kinaweza, kama unajua mipaka yake.

Watu wengi wanaangalia wati. Yetu imeandikwa wati 150, na zile za kukodi zimeandikwa 1,000 kila moja. Ukifikiri kwamba zile zina sauti karibu mara saba ya yetu, umekosea. Ukizidisha wati mara mbili, sikio linasikia ongezeko dogo tu, desibeli 3 kama mafundi wanavyosema. Ili mtu aseme kweli sasa sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Tena kuna namba zinazobandikwa kwenye sanduku ili liuzike: hizo ni za kilele, cha nukta ya sekunde, si za kazi ya saa nzima. Kwa hiyo msinunue bafle kwa kusoma karatasi iliyobandikwa.

Kitu kinachoua sauti kuliko wati chache ni umbali. Kanisani sauti inagonga ukuta na bati, inarudi, inakusaidia. Uwanjani ikishatoka imetoka. Mtu aliye mita 20 anapata robo tu ya nguvu anayopata aliye mita 10, na aliye mita 40 anapata robo ya hiyo robo. Sasa fikiria: unaweza kulipa 80,000 ili kumfikia mtu wa mita 40, au unaweza kumwomba asogee. Sisi tulipanga viti kwa nusu duara, safu sita tu, na wa mwisho hakuwa zaidi ya mita 12. Watu walikuwa kama 150. Hiyo ndiyo hesabu iliyotuokolea pesa.

La pili ni urefu. Bafle ikiwekwa chini, safu ya kwanza inaimeza yote. Miili ya watu na makoti hunyonya sauti, hasa zile nyembamba za herufi kama s, t na f, ambazo ndizo zinazofanya neno lieleweke. Ndiyo maana aliye nyuma anasema "ninasikia kelele lakini sielewi". Tulipandisha yetu juu ya meza, na juu ya meza tukaweka kreti mbili za soda, tukafunga kwa kamba. Ikasimama juu ya vichwa vya watu waliokaa, ikaelekezwa kidogo chini. Haikupendeza macho. Ilifanya kazi.

La tatu ni upepo, na Mudende kuna upepo, jamani. Tulifika saa mbili asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya mashamba. Saa hizo za baridi sauti inatembea mbali ajabu, tulimsikia mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde kana kwamba yuko jirani. Hewa ya chini ikiwa baridi na ya juu yenye joto, sauti inainamishwa kurudi ardhini. Jua likipanda mambo yanageuka, sauti inapinda kwenda juu, na upepo ukivuma kutoka kwa wasikilizaji kuja kwako ni kama unasukuma mlango unaofungwa. Kwa hiyo tuligeuza mpango mzima: watu wakakaa upande ambao upepo unaelekea, bendi ikawa na upepo mgongoni. Wazee walilalamika kwamba sasa wanatazama jua. Tukawaomba wavumilie.

Halafu larseni. Hiyo ni ile fiiiii inayotoboa masikio, mikro inaposikia bafle, bafle inatoa zaidi, mikro inasikia tena, na mduara hauishi. Jina limetoka kwa mwanafizikia wa Denmark aliyeitwa Søren Larsen, na mafundi wa upande wetu wamelirithi kutoka Kifaransa. Mwaka uliotangulia, kwenye kumbukumbu iliyofanyika hapa hapa kambini, larseni ilipiga kila jina lilipotajwa. Sisi ndio tulioshika vifundo, hatumlaumu mtu. Wakati huo tulifikiri dawa ni kupunguza sauti, basi ikawa ama fiiiii ama hakuna kitu.

Dawa yenyewe ni mahali. Bafle isimame mbele ya mikro, na mikro iitazame kwa mgongo. Mikro za kawaida za kuimbia, kama ile Shure SM58 ambayo imekuwepo tangu mwaka 1966, zinasikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Mwimbaji ashike karibu, vidole viwili kutoka mdomoni, wala asifunge kichwa cha mikro kwa kiganja kama wanavyofanya vijana wa rap, maana akikifunga inaanza kusikia pande zote. Mdomo ukiwa karibu unaweza kuteremsha kifundo na bado sauti ikawa kubwa. Dada zetu wa korali waliona haya kuweka mikro karibu hivyo. Tuliwafundisha jioni tatu kwa kijiko cha chai, kijiko kigusane na kidevu, hadi wakazoea.

Ubaya wa kuweka bafle mbele ni kwamba bendi yenyewe haijisikii. Kuna kampuni zimejaribu kutatua jambo hili. Mwaka 2003 Bose ya Marekani ilitoa chombo kinachoitwa L1, mnara mwembamba wenye spika ndogo nyingi zilizopangwa kwa mstari, unaosimama nyuma ya mwanamuziki, naye anasikia kile kile wanachosikia watu. Ni kitu kizuri, na bei yake si ya kwetu. Sisi tulikaa tu karibu karibu, bega kwa bega, ngoma katikati, tukasikilizana kwa masikio ya Mungu. Ni jambo ambalo tungependa bendi nyingi zilijue: ukipiga taratibu, hutahitaji kusaidiwa kujisikia.

Ngoma haikuwekewa mikro, na haitawekewa kamwe. Ngoma ni bafle yenyewe. Kazi ilikuwa kumwomba mpigaji apunguze mkono, na kijana wetu huyo kupunguza mkono kwake ni kama kufunga Ramadhani. Mwishowe tulifunika ngozi kwa kitambaa cha kanga.

Hapa tuingize habari fupi kwa wale wanaosema kwamba bila vyombo vya maana hakuna muziki. Kinshasa kulikuwa na mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015. Kundi lake, Konono No. 1, lilipiga likembe barabarani, na likembe haina sauti kubwa, magari yanaifunika. Mzee akatengeneza mikro zake kwa mbao na sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari mabovu, akapitisha sauti kwenye vipaza sauti vya zamani. Ikatoka sauti yenye mikwaruzo, ambayo fundi yeyote wa mjini angesema imeharibika. Wazungu waliitoa kwenye albamu ya Congotronics mwaka 2004, na kundi likazunguka dunia na mikwaruzo yake. Na wakimbizi wa Sierra Leone waliokuwa kambini Guinea, Reuben Koroma na mkewe Grace na wenzao, walianza na magitaa mawili mabovu ya umeme, mikro moja na mitambo midogo waliyopewa na shirika moja la Kanada. Wakajiita Refugee All Stars, na mwaka 2006 wakatoa albamu. Mikro moja! Sisi tulikuwa nazo mbili.

Basi, tuje kwenye siku yenyewe.

Nyimbo zilikwenda vizuri kuliko mazoezi. Papa yule wa "hiyo ni redio" alikaa safu ya tano na tulimwona akitikisa kichwa, kwa kukubali tunafikiri. Wenyeji walisimama kandoni na watoto wao, na mama mmoja wa pale aliingia akaimba pamoja nasi kipokeo. Baada ya nyimbo sala, baada ya sala hotuba mbili, moja ndefu. Halafu wimbo mmoja tena. Mwisho, majina.

Orodha ilikuwa na majina 64, yaliyoandikwa na familia zenyewe. Si ya wote waliokufa Mudende, ni ya watu wa familia zilizosafiri. Msichana wa kidato cha tano alisoma, taratibu, jina na mahali alikotoka. Alipofika kwenye jina la 23 bafle ilinguruma kidogo, taa nyekundu ikawaka, ikanyamaza. Kimya kabisa. Tukabonyeza, ikawaka, ikazima tena.

Msichana hakusimama, Mungu ambariki, aliendelea kwa sauti yake. Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Alipomaliza jina la 64 watu wakaanza kuinuka. Ndipo bibi mmoja, ambaye sote tunamwita koko kama tulivyozoea Masisi, akabaki kitini na kusema, "Hamjasoma bado." Tukamwambia, koko, tumesoma yote. Akasema, "Wangu hamjawasoma." Wanawe wawili ni namba 40 na 41. Walisomwa. Hakuwasikia. Masikio yake si mazuri, na alikuwa amekaa safu ya mwisho kwa sababu ya blanketi na kibao cha kuegemea.

Hatujui tulisimama muda gani na ile orodha. Ni mama yake msichana aliyesema viti vizungushwe. Watu wakarudi, wakafanya duara, koko katikati pamoja na wazee wengine wanne wasiosikia vizuri. Msichana akaanza tena namba 1. Kila jina alilosoma, wote waliokuwa kwenye duara wakalirudia kwa pamoja, kama tunavyopokezana wimbo kanisani wakati vitabu havitoshi. Jina moja, sauti 150. Ilichukua karibu saa nzima na gari lilitungoja, dereva akapiga honi mara moja tu, baadaye akashuka naye akaingia kwenye duara.

Sasa, ilizimaje? Si uchawi na si mtu aliyechomoa waya, kama inavyosemwa kwenye foleni ya maji. Ni hesabu, na tuliikosa sisi walimu wa hesabu.

Batri iliyo ndani ni ya risasi, volti 12, ampea-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Lakini batri ya namna hiyo haifai kumalizwa, ukivuka nusu unaiua mapema, na yetu imeshazeeka. Tuseme 42 za kutumia. Muziki hautumii wati zote 150 kila wakati, unapanda na kushuka. Kwa sauti za waimbaji na magitaa tu, tumekadiria kama wati 12. Yaani saa tatu na nusu. Tulijipigia hesabu hiyo, tukaona programu ni ya saa mbili, tukalala usingizi.

Tulisahau besi. Noti nene zinakula umeme kuliko kitu kingine chochote, hasa kwenye spika ndogo, maana inabidi isukume hewa nyingi kwa karatasi ndogo. Tukiwa na besi tulikuwa tunatumia labda wati 25. Na asubuhi tulikuwa tumejaribu sauti kwa dakika 40, besi ikiwa imechomekwa, kwa raha zetu, kwa sababu watoto wa pale walikuwa wanacheza. Dakika 40 na saa moja ya programu ni saa moja na dakika 40. Zidisha kwa 25, utaona imekaribia 42 kamili. Tena usiku wa baridi ile batri inapungua nguvu, nasi tuliiacha kwenye gari.

Kwa hiyo mambo yafuatayo yamebadilika. Besi haipiti tena kwenye bafle ya shule, itapata kisanduku chake au itanyamaza, na mpiga besi amenuna lakini amekubali. Kifundo cha sauti nene kwenye mikro za waimbaji kinapunguzwa, hakuna anayeimba huko chini. Kujaribu sauti ni dakika kumi, na kwa umeme wa ukutani tukiweza, nyumbani kabla ya kuondoka. Batri inalala ndani pamoja na watu. Tunatafuta batri ya pili ya volti 12, hata ya pikipiki iliyo nzima, ya kubadilisha katikati. Wale walio na paneli ya sola ya wati 50 na wanaweza kutuazima siku moja moja, tunashukuru mapema. Jambo lingine dogo: kuwasha, bafle iwe ya mwisho, kuzima, iwe ya kwanza. Ule mlio wa "pwah" unaopenda kuwashtua wazee unatokana na kugeuza utaratibu huo, na unaumiza spika.

Na programu. Hatuelewi kwa nini hatukuliona hili mapema. Majina yatasomwa kwanza, batri ikiwa imejaa na upepo wa asubuhi ukiwa bado umelala, wazee wakiwa safu ya kwanza na mablanketi yao. Nyimbo baadaye. Hotuba zikizimikiwa na umeme, zizimikiwe.

Kuhusu mchango wa faranga 80,000 ambao haukutumika, kamati itatangaza yenyewe, sisi hatushiki pesa.

Orodha ya majina tunaiandika upya, kwa sababu tuliporudi familia tatu zaidi zilikuja, na koko naye alikuja na mjukuu wake: ana jina la tatu, la binti, ambalo hakulitaja mara ya kwanza. Mwenye majina alete Alhamisi baada ya masomo, darasa la mwisho karibu na choo cha walimu. Njoo na mtu anayejua kuliandika sawasawa, na utuambie linavyotamkwa, tutaliweka alama. Mitihani mwezi ujao, bila kukosa.